Ua la ziwani ndani ya kopo la mchanga: yungiyungi linavyovuka majira ya baridi

Novemba iliyopita mdogo wangu anayeishi Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, alituma picha moja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Makopo matatu ya kioo, yale ya jamu, yamepangwa kwenye rafu ya stoo. Ndani yake mchanga wa kahawia, na mchangani vimejitokeza vinundu vyeusi vyenye ukubwa wa kungumanga. Chini ameandika: "Mayungiyungi yangu yamelala. Tutaonana Mei."

Kundi likachafuka. Aliyeanza ni shangazi yetu wa Nyegezi, Mwanza: "Mwanangu, umevuka bahari kwenda kufuga gugumaji?" Kaka mmoja akasema mtoto kauziwa mbuzi kwenye gunia, maana ua la nchi ya joto haliwezi kuiona theluji likabaki hai. Mwingine akamshauri aviweke kwenye friji, "si ndiko vitu haviozi". Mwingine tena akataka avimwagie maji ya moto kila asubuhi. Siku tatu baadaye picha ile ile ikanirudia kutoka kundi jingine kabisa, la wafanyabiashara wa soko la samaki la mwaloni Kirumba, ikiwa na maelezo mapya: wazungu wanalima gugumaji letu kwa siri.

Kumjibu kila mtu kwa sauti za dakika tano tano ni kazi, kwa hiyo nimeamua kuliandika jambo lenyewe mara moja. Nimekulia pembezoni mwa Ziwa Victoria, na nimepoteza muda mwingi kuliko inavyostahili nikimsaidia mdogo wangu kuelewa kwa nini ua lake la kwanza lilikufa.

Tuanze na majina, maana nusu ya ugomvi iko hapo.

Yungiyungi ni ule mmea wenye majani ya duara yanayolala juu ya maji, kila jani likiwa na mpasuko upande mmoja kama chapati iliyomegwa kipande. Mizizi yake iko chini, kwenye tope. Kutoka topeni hadi juu kunapanda bua refu, laini, lenye matundu ndani kama mirija. Hiyo ndiyo njia ya hewa kwenda chini kwenye mizizi, maana topeni hewa ni haba. Tukiwa watoto tulikuwa tunalivunja bua hilo kidogo huku, kidogo kule, bila kukata ngozi yake, hadi linakuwa mkufu wenye ua kama kidani. Kwenye ghuba tulivu za ziwa, kwenye mabwawa na hata pembeni mwa majaruba ya mpunga, la kwetu linalojulikana zaidi ni la bluu. Juu ya majani yake ndipo anapotembea sile-maua, ndege mwenye vidole virefu ambaye kwa mbali utadhani anakanyaga maji.

Gugumaji ni kitu kingine. Halina mizizi ardhini. Linaelea zima zima kwa vikonyo vilivyovimba kama maputo, na mizizi yake myeusi yenye manyoya inaning'inia tu majini. Asili yake ni Amerika Kusini, na ziwani kwetu lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukitaka kuvitofautisha bila kitabu, vuta. Gugumaji linakuja lote mkononi. Yungiyungi litakuachia bua, na lenyewe libaki chini. Lile gugu jingine dogo lenye majani ya manyoya, lililosumbua vivuko vya Kigongo na Busisi kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025, linaitwa salvinia. Hilo hata ua halitoi, ni jamii ya kangaga.

Kuna na lotasi, ambalo watu wa mitandaoni hulichanganya na yungiyungi kila siku. Jani la lotasi halina mpasuko, linasimama juu ya maji kama sinia lililoinuliwa kwa mkono, na kinasaba mmea huo uko karibu zaidi na mmakadamia kuliko yungiyungi. Lile "lotasi la bluu" la Wamisri wa kale linalouzwa mtandaoni kwa maneno matamu ni yungiyungi, tena ndugu wa damu wa hili letu. Mengine tuyaache.

Sasa, yungiyungi lenyewe liko la aina mbili kubwa, na hapa ndipo kaka yangu alipokosea. Yapo mayungiyungi ya nchi za baridi na yapo ya nchi za joto. Ya baridi ni wenyeji wa Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya kaskazini. Kule chini topeni yana shina nene linalotambaa kama tangawizi, na theluji ikija yanabaki huko huko bwawani mpaka msimu uishe. Maua yake ni meupe, ya njano, ya waridi, mekundu. Ya nchi za joto yanainua ua lake juu ya maji kwa bua lililosimama, yananukia zaidi, mengine hufunguka mchana na mengine usiku. Na yana rangi ambayo yale ya baridi yalinyimwa: bluu na zambarau. Wakulima wa maua wamehangaika zaidi ya miaka 100 kuihamishia bluu hiyo kwenye mayungiyungi yanayovumilia baridi, na ni juzi juzi tu, huko Thailand, walipoanza kufanikiwa.

Kwa hiyo mtu wa Hamburg anayetaka ua la bluu bwawani kwake anajua anachojiingizia. La mdogo wangu liliuzwa likiwa na kibandiko chenye jina la Zanzibar. Tangu miaka ya 1870 wataalamu wa mimea wa Ujerumani wanalijua yungiyungi la bluu iliyoiva kutoka visiwani, na jina hilo limebaki kwenye vitalu vya Ulaya hadi leo, hata kwa mimea ambayo imechanganywa mara nyingi kiasi kwamba Zanzibar yenyewe isingeitambua. Alilinunua Juni, likachanua Julai na Agosti hadi majirani wakawa wanapita kulipiga picha, na Oktoba likaanza kunyong'onyea. Mwaka ule wa kwanza aliliacha bwawani. Mwezi Machi alipoingiza mkono kwenye chungu alitoa uji mweusi wenye harufu ya yai viza.

Baridi inafanya nini hasa? Chukua ndizi mbivu uiweke kwenye friji. Kesho yake ganda limekuwa jeusi. Haikuganda, maana friji haifiki huko, lakini imeumia. Ndizi ni mmea wa joto, na kila chembe hai ya mmea ina utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta. Mafuta hayo, kwa mimea iliyozoea joto, ni kama samli: mchana inamiminika, asubuhi ya baridi inashikana. Utando ukishikana unapoteza unyumbufu, unavuja, na mambo yaliyopaswa kukaa vyumba tofauti yanachanganyika. Mimea ya nchi za baridi ina mafuta ya aina nyingine, yanayobaki laini hata kwenye baridi, kama mafuta ya alizeti ambayo hayagandi kirahisi. Yungiyungi la joto huanza kusinzia maji yakishuka chini ya nyuzi joto 18 hivi za Selsiasi. Linaacha kutoa maua, na majani mapya yanakuja madogo madogo. Maji yakizidi kupoa, hata kama hayajaganda, majani yanaanza kuoza.

Juu ya baridi kuna giza, jambo ambalo sisi wa Mwanza hatulifikirii kabisa. Hapa tofauti ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki dakika 20. Jua linachomoza, linazama, huulizi. Hamburg mwezi Juni mchana ni saa 17. Desemba ni saa saba na nusu, na hizo zenyewe mara nyingi ni za mawingu. Kwa mmea unaopika chakula chake kwa jua, ni kama mama ntilie aliyepunguziwa mkaa hadi robo ya gunia huku wateja wakiwa wale wale. Kwa hiyo hata ukiliwekea maji ya moto yungiyungi mwezi Desemba bila kuliongezea taa, unalitesa tu: joto linaliambia likue, mwanga unaliambia halina cha kulia. Hilo ni jibu la yule aliyependekeza birika.

Mtu ataniuliza: kama baridi ni kali hivyo, mbona yale mayungiyungi mengine yanabaki chini ya barafu na hayagandi? Hili lilinishangaza nilipolielewa mara ya kwanza. Vitu vingi vikipoa vinakuwa vizito na kuzama. Maji nayo yanafanya hivyo, lakini yakifika nyuzi joto 4 yanageuza tabia. Hapo ndipo yanapokuwa mazito kuliko wakati wowote. Yakipoa zaidi yanakuwa mepesi, yanapanda juu, na barafu inaelea. Kila aliyetia barafu kwenye glasi ya soda ameiona sheria hii bila kuijua. Bwawa la Ulaya lenye kina cha kutosha linafunikwa na barafu kama sufuria na kifuniko chake, na chini kabisa maji yanakaa kwenye nyuzi 4 hivi. Yungiyungi la baridi linalala hapo raha mustarehe. La joto halihitaji kuganda ili life, nyuzi 4 kwa miezi minne zinatosha kuligeuza uji.

Basi tumefika kwenye makopo. Na hapa nawaomba tutoke Hamburg kidogo, twende Kwimba, huku huku mkoani Mwanza.

Wanaotoka Usukuma bara wanalijua lambo, lile bwawa la kuchimba la kunyweshea ng'ombe. Aprili lambo limejaa, na mayungiyungi yamefunika nusu yake. Julai maji yamerudi katikati, yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Septemba hakuna maji. Kuna tope lililokauka na kupasuka vipande kama malumalu, nyayo za ng'ombe zimegandishwa humo kama kwenye saruji, na ukiwauliza watoto liko wapi ua la bluu watakuambia limekufa. Kisha mvua za Novemba zinanyesha wiki mbili, lambo linapata maji ya magotini, na kabla mwaka haujaisha majani yako juu tena. Hakuna aliyepanda.

Halikufa. Maji yalipoanza kupungua, mmea uliacha kulisha majani ukaanza kuweka akiba shinani, ukatengeneza kiazi. Kiazi kigumu, cheusi nje, cheupe chenye wanga ndani, kidogo kama kungumanga, wakati mwingine kama njegere tu. Majani yakaoza, mizizi ikakauka, kiazi kikabaki ndani ya tope, chini kidogo ya pale jua linapochoma, kwenye unyevunyevu usioonekana juu. Kamongo naye, maji ya vidimbwi yakikauka, hujichimbia kwenye tope hilo hilo na kujikunja ndani yake akisubiri mvua. Wasukuma tunakata viazi vitamu tunavianika kuwa michembe ili kiangazi kisitukute mikono mitupu. Yungiyungi linajitengenezea michembe yake lenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha hadithi yote, na ndilo jambo ninalotaka ukoo wangu ulielewe. Kile kinundu kwenye kopo la Hamburg kilitengenezwa kwa ajili ya kiangazi cha huku. Mmea haukuwahi kuijua theluji, lakini unajua kungoja. Mtunza bustani wa Ulaya hafanyi muujiza wowote, anauongezea tu mmea msimu wa kiangazi wa bandia: anakitoa kiazi kwenye maji kabla baridi haijakiozesha, anakiweka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, anakificha stoo. Mchanga ule ni lambo la Kwimba mwezi Septemba, limefupishwa likaingia kopo la jamu.

Mlinganisho wangu unachechemea mahali pamoja, na afadhali niseme mwenyewe kabla sijasahihishwa. Tope la lambo si la baridi, lina joto. Kule kinachokizuia kiazi kuamka ni ukavu. Kwenye kopo unyevu upo kidogo, kwa hiyo kinachokizuia ni ubaridi, na ndiyo maana kipimo cha joto kina maana kubwa sana: nyuzi 10 hadi 13 hivi, joto la stoo ya chini ya nyumba. Ukizidisha, kiazi kinaamka gizani, kinachipua, kinakula akiba yake na kufika mwezi wa nne kikiwa ganda tupu. Ukipunguza hadi nyuzi 4 za friji, yanakikuta yale yale ya ndizi. Kaka wa friji, pole.

Unyevu nao una kipimo chake. Bibi zetu wanaijua kazi hii ingawa hawajawahi kuona theluji. Kiangazi kikianza, marando ya viazi vitamu yanapelekwa sehemu inayobaki na unyevu, pembeni ya kisima au pale yanapopita maji ya bafuni, ili mvua zikirudi mbegu iwepo. Pakilowa sana yanaoza. Pakikauka yanakufa. Mchanga wa kopo unatakiwa uwe hivyo: ukiufinya ushikane, lakini usitoe tone.

Mdogo wangu anafanya hivi. Kuanzia Agosti haliwekei mbolea tena yungiyungi analotaka lilale. Siri nyingine aliyofundishwa na mzee mmoja wa bustani za jirani ni kwamba mmea uliobanwa kwenye chungu kidogo hutengeneza kiazi kizuri kuliko ule unaojinafasi kwenye karai kubwa lenye tope nono. Wenye raha hauna haraka ya kuweka akiba. Kwa hiyo kila mwaka anaacha mmoja wa kubanwa, hauchanui sana, lakini ndio wa mbegu. Majani yakishakwisha, kwa kawaida baada ya umande kuganda mara ya kwanza, anatoa chungu, anaosha tope kwa mpira wa maji, anapapasa chini ya shina. Vile vinavyobonyea anatupa. Vigumu anavisugua hadi viwe safi, maana kipande cha mzizi uliooza kikibaki kitaambukiza kopo zima. Kisha mchanga, kifuniko kisichobanwa sana, tarehe kwenye karatasi. Mara moja kwa mwezi anafungua na kunusa. Pua ndiyo kipimo chake, anasema kopo likiwa zima linanuka mvua.

Aprili anavitoa na kuviweka kwenye beseni la maji ya kina kifupi yenye nyuzi 25 hivi, dirishani au chini ya taa. Na hapa kiazi kinafanya kitu ambacho lamboni hatukioni kwa sababu kinafanyika ndani ya tope. Hakioti chenyewe kuwa mmea mkubwa. Kinatoa uzi mwembamba unaopanda juu, na kwenye ncha ya uzi ule kinaumbika kimmea kidogo chenye majani na mizizi yake. Ukishaona mizizi unakikata na kukipanda peke yake. Kiazi kinatoa uzi wa pili, na wa tatu. Kiazi kimoja, miche kadhaa. Kwenye lambo uzi huo ndio unaokitoa kimmea kutoka kilindini hadi juu ya tope penye mwanga. Miche inakaa ndani hadi maji ya bwawa la nje yasishuke tena chini ya nyuzi 21 hata usiku, na kwa Hamburg hiyo ni Juni. Wenye haraka wanaopanda Mei kwa sababu jua limewaka siku mbili hupata mmea uliodumaa, unaorudi kulala.

Zipo njia nyingine na nitazipitia mbio. Wenye uwezo wa kulipa umeme huuweka mmea mzima kwenye tangi la kioo la samaki, lenye taa na kipasha maji. Yako pia mayungiyungi ya joto yanayozaa watoto katikati ya jani, pale jani linapokutana na bua. Mtoto huyo anaweza kukaa kwenye bakuli dirishani majira yote ya baridi akiwa mdogo kama shilingi. Na wengi, tuseme ukweli, hawahangaiki: wananunua mpya kila Juni kama sisi tunavyonunua miche ya mchicha.

Njia ya matajiri ni nyumba ya vioo, na hadithi yake inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwezi Novemba 1849, katika jumba la Chatsworth huko Uingereza, mtunza bustani Joseph Paxton alifanikiwa kulichanusha lile yungiyungi kubwa la Amazon ambalo jani lake linaweza kumbeba mtoto. Alilijengea nyumba ya vioo yenye maji ya moto, na ujuzi huo wa vioo na chuma akautumia kusanifu jumba kubwa la maonyesho la London la mwaka 1851. Mmea wenyewe wataalamu walikuwa wameshaupa jina la malkia wao, Victoria. Karibu miaka tisa baada ya lile ua kuchanua, Agosti 1858, John Speke alifika huku kusini mwa ziwa, upande wetu wa Mwanza, akalipa jina la malkia huyo huyo ziwa ambalo lilikuwa na majina yake tayari. Hivyo tuna yungiyungi la Victoria ambalo halikutoka Victoria, na Ziwa Victoria lenye mayungiyungi yasiyoitwa Victoria. Msishangae watu wakichanganyikiwa.

Nyumba za vioo hizo hizo ziliokoa jirani yetu. Mwaka 1987 yungiyungi dogo kuliko yote duniani liligunduliwa kwenye chemchemi ya maji moto kusini magharibi mwa Rwanda, jani lake upana wa sentimita moja tu. Chemchemi ilipovurugwa kwa matumizi ya maji likadhaniwa limetoweka pale, na yaliyojulikana kubaki yalikuwa Ulaya. Hata huko yalikuwa yanakufa yangali miche, hadi Carlos Magdalena wa bustani ya Kew, London, alipojaribu kuyapanda kwenye tope lililo sawa na uso wa maji badala ya kuyazamisha kama mayungiyungi mengine. Novemba 2009 yakachanua. Mwaka 2014 mwizi akaiba mmoja, mchana kweupe, kwenye bustani iliyo wazi kwa watalii.

Nimesema shangazi alikosea kuliita yungiyungi gugumaji, lakini hofu yake siidharau hata kidogo. Gugumaji lilitoka kwao Amerika Kusini likiwa ua. Watu walilipenda, wakalibeba kutoka bara moja hadi jingine ili lipambe mabwawa yao. Tofauti ya Hamburg na Mwanza ni kwamba Hamburg ina uzio: chochote cha nchi ya joto kikitoroka bwawani Julai, Januari itakiua. Kwetu hakuna Januari ya namna hiyo. Kilichoingia ziwani kinakuta maji ya joto mwaka mzima na mchana wa saa 12, kinazaliana tu. Huko Hispania, ambako baridi ni ya kujaribia, gugumaji limejaa kwenye mto Guadiana tangu 2004, na mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulilipiga marufuku kuuzwa. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama anaweza kumletea mama yake kiazi cha yungiyungi lililochanganywa huko Ulaya, akitupie bwawani, jibu langu ni hapana, na si mimi tu: mmea au kiazi hakivuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea, na kwa Tanzania wenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ya kwetu yanatutosha. Asubuhi ya saa tatu hivi yanafunguka, alasiri yanafumba, na baada ya siku tatu au nne ua linashuka chini ya maji kukomaza mbegu. Siku ya kwanza katikati ya ua kuna kijibwawa cha utomvu, na ukiinama vizuri kutoka kwenye mtumbwi unaweza kukuta nyuki amezama humo, na chavua aliyokuja nayo imebaki palepale ilipohitajika.

Jana mdogo wangu alituma picha nyingine. Makopo yamebaki mawili. La tatu, anasema, alilifungua Februari akalifunga haraka. Ndani ya beseni jeupe, kinundu kimoja kimetoa uzi mwekundu wenye urefu wa kidole, na kwenye ncha ya uzi kuna jani moja, dogo kama ukucha, lenye mpasuko wake upande mmoja.

Shangazi aliitazama, akakaa kimya muda, kisha akaandika: "Hilo sasa nalijua."